Haja na Kosa Mpakani

Mipaka ni ya lazima katika maisha ya watu. Hapana shamba bila mpaka, hapana nyumba bila kizingiti, wala hapana haki ya mtu isiyokoma mahali haki ya mwenziwe inapoanzia. Jambo hili hukubaliwa na wote, wala halihitaji hoja nyingi. Swali gumu ni jingine. Mtu anapokutwa ametia mguu au mkono mahali ambapo haijulikani bado kama ni pake, mlinzi wa mahali hapo ana wajibu gani kwake? Aadhibu kwanza kisha aulize, au aulize kwanza kisha, ikibidi, aadhibu? Wengi watajibu upesi ya kwamba ni heri kuuliza. Lakini kujibu ni kwepesi kuliko kutenda, na mambo ya masoko na barabara zetu hushuhudia ya kwamba mara nyingi fimbo hufika kabla ya swali.

Nataka kulipima swali hili kwa mifano miwili iliyo mbalimbali sana. Wa kwanza ni Ipinda na nchi inayoizunguka katika wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nchi tambarare ya mpunga, migomba na kakao, ambako mito hufurika na alama za mipaka hazidumu. Wa pili ni kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, yaani programu ile iliyo chini ya programu nyingine zote, igawayo kumbukumbu ya mashine na kulinda mipaka yake. Msomaji wa fasihi atauona mfano huu wa pili kuwa mgeni katika kurasa hizi. Nimeuchagua kwa sababu moja. Ndani ya kompyuta swali letu huulizwa mara nyingi mno katika kila dakika, na waliounda mashine hizi walilazimika kulijibu lote bila kubakiza kitu. Mahali ambapo sisi husema "tutaona", wao iliwabidi waseme ni nani ataona, ataona nini, na baada ya kuona atafanya nini. Jibu lililoandikwa kwa ukamilifu namna hiyo lastahili kusomwa hata na watu ambao kompyuta si kazi yao.

Kwanza yafaa kazi yenyewe ielezwe. Kompyuta moja hutumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, nazo zote hutaka mahali pa kuweka mambo yao katika kumbukumbu. Kama kila programu ingeachwa ichukue mahali ipendapo, moja ingeandika juu ya maandishi ya nyingine na zote zingeharibika. Kwa hiyo kiini huipa kila programu anwani zake peke yake, na programu huishi kana kwamba nchi nzima ni yake. Kwa kweli sehemu kubwa ya nchi hiyo ni tupu, haikugawiwa yeyote. Na hata sehemu iliyogawiwa huwa ni ahadi zaidi kuliko kitu mkononi. Kumbukumbu hukatwa katika vipande vilivyo sawa viitwavyo kurasa, ambavyo katika mashine nyingi ni vya baiti 4096 kila kimoja, na aghalabu kiini hakitoi ukurasa mpaka utakapohitajiwa.

Kwa kazi hii kuna madaftari mawili. La kwanza ni la kiini, nalo limeandikwa maeneo ambayo kila programu imeahidiwa, pamoja na ruhusa iliyo nayo katika kila eneo: kusoma tu, au kusoma na kuandika, au kutekeleza maagizo yaliyomo. La pili ni jedwali la kurasa, ambalo husomwa na prosesa yenyewe, nalo huonyesha kurasa zilizokwisha kutolewa. Prosesa haijui ahadi. Hujua kilichotolewa tu. Programu ikitaja anwani isiyomo katika jedwali, au ikitaka kuandika mahali palipoonyeshwa kuwa pa kusomwa tu, prosesa huisimamisha palepale, huhifadhi mahali ilipofika, na hukiita kiini. Tukio hili huitwa hitilafu ya ukurasa.

Jina hili hupotosha. Neno hitilafu hutufanya tufikiri ya kwamba yupo mkosaji, na tukio lenyewe, mara nyingi sana, halina kosa lolote ndani yake. Programu imetaka kilicho chake ambacho hakijafika. Hivi ndivyo utaratibu huu ulivyozaliwa. Kompyuta iliyoitwa Atlas, iliyoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384 tu, na ngoma ya sumaku yenye nafasi ya maneno 98,304. Waundaji wake, wakiongozwa na Tom Kilburn, walitaka mtumiaji azione hizo mbili kama hazina moja. Waliigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512. Na programu ilipotaja ukurasa uliokuwa bado katika ngoma, kazi ilisimamishwa, ukurasa ukaletwa, kisha kazi ikaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Kusimamishwa huko kulikuwa ni njia ya kupokea.

Sasa na tutazame jinsi kiini kinavyofanya uchunguzi wake. Kinapoitwa, kina mbele yake anwani iliyotajwa na namna ya kitendo. Swali la kwanza ni hili: je, anwani imo katika eneo lolote ambalo programu hii iliahidiwa? La pili: je, kitendo chenyewe charuhusiwa katika eneo hilo? La tatu, ikiwa majibu ya mawili ya kwanza ni ndiyo: kwa nini basi ukurasa haupatikani? Huenda haujatolewa tangu mwanzo. Kiini hutafuta ukurasa usio na mtu, huujaza sifuri ili siri za aliyekuwa nao zamani zisisomwe na mgeni, kisha huutoa. Huenda uliondolewa ukawekwa katika diski, hurudishwa. Huenda programu mbili, mzazi na mtoto wake, zinashirikiana ukurasa mmoja kwa kusoma, na sasa moja yataka kuandika. Kiini huitolea nakala yake yenyewe ili isiharibu ya mwenziwe. Huenda hata anwani iko nje kidogo ya eneo la kazi za muda, eneo ambalo kwa tabia yake hukua. Kiini hulipanua, maadamu kikomo hakijapitwa. Katika yote haya programu haiambiwi neno. Huamka ikarudia agizo lilelile lililoikwamisha, na safari hii agizo hupita.

Ni pale tu ambapo anwani haimo katika ahadi yoyote, au kitendo kimekatazwa kweli, ndipo kiini husema: hili ni kosa. Hukumu hutoka baada ya daftari kufunguliwa, kamwe si kabla. Hapa ndipo penye fundisho ninalotaka kulishika. Haja na kosa huvaa nguo moja. Kwa macho ya prosesa, programu inayoomba kilicho chake na programu inayonyakua kisicho chake zinafanana kabisa: zote mbili zimetaja anwani isiyokuwamo katika jedwali. Tofauti yao haiwezi kuonekana kwa kutazama kitendo. Huonekana kwa kuuliza.

Tuurudie mfano wa kwanza. Mtu asiyejulikana aonekana jioni katika shamba la kakao, katika mojawapo ya vijiji vinavyoizunguka Ipinda. Ni mambo mangapi yaweza kuwa yamemleta? Huenda ni mrithi aliyekaa miaka mingi mjini na sasa amerudi kutazama fungu la marehemu baba yake. Huenda aliazimwa sehemu ya shamba na ndugu mmoja, na ndugu wa pili hakupewa habari. Huenda njia aliyoizoea imekatwa na maji ya masika, naye anatafuta nyingine. Huenda mvua imechukua alama ya mpaka, na yeye anaamini kwa moyo safi ya kwamba yumo kwake. Huenda pia amekuja kuiba. Sababu tano, na nne katika hizo ni haja au kutojua. Lakini mwenye shamba, aliye mbali na aliyechoka, huona jambo moja tu: mtu mahali ambapo hakutazamiwa.

Wazee wa nchi hii walifahamu vizuri ya kuwa mtu aweza kuwa na haki kabla hajawa na mali. Monica Wilson, mtaalamu wa elimu ya mila za watu, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 habari za vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Wavulana walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe; walakini waliendelea kula kwa mama zao na kulima katika mashamba ya baba zao, mpaka ilipokuja sherehe kubwa ya kukabidhi uongozi na ardhi kwa kizazi kipya. Kwa miaka kadhaa basi kijana alikuwa na ahadi bila kitu. Mguu wake ulikanyaga shamba lililoitwa kwa jina la mwingine, wala hakuwa mvamizi. Daftari la ahadi lilimjua, ijapokuwa jedwali la vilivyotolewa halikumjua bado.

Sheria yetu nayo haikuisahau hekima hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, na katika hao wasiopungua watatu ni wanawake, likapewa kazi ya kupatanisha wanaogombania ardhi. Baraza la namna hii huketi, husikiliza upande huu na ule, huwaita majirani wanaokumbuka mti ulisimama wapi kabla ya gharika. Kazi yake yote ni kufungua daftari ambalo sehemu kubwa yake imeandikwa katika vichwa vya watu.

Kinyume cha baraza ni kundi la watu wenye hasira. Neno moja, mwizi, likipaziwa sauti sokoni, mikono hamsini huokota mawe, na katika mikono hiyo hamna hata mmoja wa mtu aliyeona kilichoibiwa. Watu wameuawa hivi katika nchi zote za Afrika Mashariki, nao wanaendelea kuuawa. Maswali matatu ambayo hata mashine huyauliza yamerukwa yote. Na tazama hesabu yake ilivyo mbaya kwa kundi lenyewe. Ikiwa aliyepigwa alikuwa mwizi kweli, wizi una adhabu yake katika sheria, nayo si kifo. Kundi limetenda kosa kubwa kuliko la mwizi. Ikiwa hakuwa mwizi, kundi limemwua mtu asiye na hatia, na damu yake haina mmoja wa kuibeba kwa kuwa imegawanywa kwa hamsini. Hapana upande wa mizani ambao kundi latoka na faida. Aliyekufa hawezi kueleza ya kwamba alikuwa akimfuata mbuzi wake.

Mtu aweza kusema: haya ni maneno ya walioshiba, mkulima aliyeibiwa kakao mara tatu hana nafasi ya maswali. Nakiri ya kwamba kuuliza kuna gharama. Hata ndani ya kompyuta ni hivyo. Kuleta ukurasa kutoka katika diski huchukua muda mrefu mara maelfu kuliko kusoma ukurasa uliopo tayari, na kila uchunguzi huiba wakati wa kazi nyingine. Kiini hulipa gharama hiyo kila mara, kwa sababu kukataa kuilipa kungefanya ahadi zote ziwe za bure: hapana programu ambayo ingethubutu kutumia kilicho chake kwa hofu ya kuuawa kabla hakijafika. Vivyo hivyo kijiji ambacho mtu huogopa kupita njiani jioni kimekwisha kuibiwa kitu kikubwa kuliko kakao. Mkulima aliyeibiwa mara tatu ana haki ya ulinzi ulio bora, ana haki ya kusikilizwa na mahakama. Haki ya kuua hakuipata kwa kuibiwa.

Lakini kuuliza peke yake hakutoshi ikiwa daftari linaloulizwa limeyumba. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi kadhaa za kazi zinazokwenda pamoja, na uzi mmoja ukarudisha eneo kwa kiini wakati uleule ambao uzi mwingine unalitumia. Kama kiini kingesoma daftari huku linabadilishwa, kingeweza kutoa hukumu kwa mstari uliokwisha kufutwa. Kwa hiyo hulifunga kwa kufuli, ili mistari inayohusika isibadilike mpaka hukumu ipite. Msomaji aone uzito wa jambo hili. Kabla ya kumshuku aliyesimamishwa, mlinzi hushuku kwanza usalama wa daftari lake mwenyewe.

Katika wilaya ya Kyela somo hili limeandikwa kwa maji. Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, hushuka kutoka nyanda za juu ukaingia Ziwa Nyasa. Nao ufikapo katika tambarare hupindapinda, na baada ya mafuriko makubwa huacha njia yake ya zamani ukachukua mpya. Mkulima aweza kulala mto ukiwa mashariki ya shamba lake, akaamka ukiwa magharibi. Yeye hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka. Mtu wa namna hii akiulizwa ni kwa ruhusa ya nani yumo katika nchi ya watu, atajibu nini ila kuwaonyesha migomba aliyoipanda babu yake? Serikali mbili zimeshirikiana katika mpango wa bonde la Songwe, na moja katika nia za mpango huo ni kuutuliza mto usihamehame. Hiyo ni kazi ya kulifunga daftari kwa kufuli.

Katika ziwa lenyewe shida ni ya namna nyingine: madaftari ni mawili. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa, na Malawi hushika maneno ya mkataba huo. Tanzania husema mpaka upite katikati ya maji. Mzozo huu uliamka tena kwa nguvu mwaka 2012, kwa habari ya utafutaji wa mafuta, ukapelekwa kwa upatanishi wa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mvuvi wa Matema anayetupa nyavu zake hakuulizwa mwaka 1890, wala hakushauriwa tangu hapo. Katika daftari moja yumo kwake. Katika jingine ni mkosaji tangu chombo chake kielee. Mlinzi atakayempiga kwa kulisoma daftari moja tu atakuwa amempiga kwa ugomvi wa wakubwa. Pahali ambapo madaftari hayapatani, insafu hudai ya kwamba wenye madaftari wapatane kwanza, na mvuvi aachwe apate riziki yake.

Nimesema kwa urefu juu ya haja. Haifai nidhaniwe kuwa nakana kosa. Kosa lipo, na kiini kinapolithibitisha hakisiti. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ambayo Linux ni mmojawapo, programu iliyofika mahali pasipo pake hupelekewa ishara ya 11, nayo kwa kawaida ni ya kifo. Lakini namna adhabu hiyo inavyotolewa yastahili kutazamwa. Ishara hutaja anwani yenyewe iliyoguswa, hata mshtakiwa ajue amekosa wapi. Programu iliyojiandaa mapema hupewa nafasi ya kuipokea ishara na kuijibu, ikitengeneza mambo yake au ikiaga kwa utaratibu. Ikikoma, yaweza kuacha picha ya hali yake ya mwisho, ili wenye kuiunda wajifunze sababu. Na adhabu huishia hapo. Programu jirani zinaendelea na kazi zao, wala haziulizwi kwa nini zilikaa karibu na mkosaji. Ni mara ngapi sisi, tulipomkamata mwovu mmoja, tulichoma nyumba ya mama yake, tukawafukuza watoto wake, tukalitia doa kabila lake zima? Adhabu isiyotaja kosa, isiyosikiliza jibu na isiyojua pa kukoma ni kosa jipya lililovaa vazi la hukumu.

Kuna jambo dogo tena lililo zuri. Pengine programu hukituma kiini chenyewe kazi, kama kusoma maandishi kutoka anwani fulani na kuyapeleka katika diski, na anwani iliyotolewa ni ya uwongo. Kiini huenda, hukwama mpakani kwa niaba ya mwingine. Waundaji waliyajua haya tangu mapema, wakaandaa orodha ya mahali ambapo kukwama kwa namna hii kwaweza kutokea. Kiini kikikwama katika mojawapo ya mahali hapo, hakifi. Hurudi kwa aliyekituma na jibu la kosa la 14, maana yake anwani uliyonipa si njema. Wahenga walikwisha kusema ya kwamba mjumbe hauawi. Huyu naye hauawi, lakini hanyamazi: hurudisha kosa kwa mwenyewe.

Yatupasa pia kukumbuka ya kwamba mlinzi mwema hupunguza makosa kabla hayajatokea. Kati ya maeneo mawili kiini huweza kuacha ukurasa mtupu wa ulinzi, usioruhusiwa yeyote, ili aliyeteleza agonge hapo kabla hajamwumiza jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kitu cha namna hiyo ilipokataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mkulima wa mpunga huiona nafasi hiyo kuwa hasara. Lakini ni ukurasa wa ulinzi kati ya jembe na maji, nayo humkinga yeye na mto pia. Mlinzi asiyeonyesha mpaka ulipo, kisha akafurahi kuwakamata waliouvuka, ni mwindaji, si mlinzi.

Sasa nafika katika swali lililo zito kuliko yote: itakuwaje mlinzi mwenyewe akivuka mpaka? Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu ulipata jibu. Kampuni ya CrowdStrike ilikuwa na programu ya kuzilinda kompyuta dhidi ya wadukuzi, nayo, ili ipate uwezo wa kutosha, iliruhusiwa kufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa Windows. Siku hiyo ilipelekewa faili jipya la maelekezo. Faili lilitaka itazamwe thamani ya 21 katika orodha ambayo ilikuwa na thamani 20 tu. Programu ikanyoosha mkono kuchukua kisichokuwapo, ikagusa anwani isiyokuwa halali. Kama ingekuwa programu ya kawaida, kiini kingeikomesha peke yake na mashine ingeendelea. Lakini hii ilikuwa ndani ya kiini. Hapakuwa na mlinzi juu ya mlinzi. Mashine zikasimama, na nyingi zilipowashwa tena zilisimama tena. Kampuni ya Microsoft ilikadiria ya kuwa zilizopatwa ni milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali zikaahirisha kazi, benki zikakwama. Na yote haya kwa jambo moja lililohesabiwa vibaya.

Mafundisho hapa ni mawili. La kwanza ni la wazi: kadiri mlinzi alivyo karibu na kiini cha mambo, ndivyo kosa lake dogo linavyokuwa kubwa, na kwa sababu hii wanaoruhusiwa kufika hapo yafaa wawe wachache na wapimwe mara nyingi kuliko wengine. La pili husahauliwa. Mashine zile zilisimama kwa makusudi ya waliounda Windows. Waliamua zamani ya kwamba kiini kilichojikuta katika kosa lake chenyewe kisiendelee kuhukumu, kwa kuwa hakijui tena ni madaftari yapi yaliyo salama. Na kuendelea katika hali hiyo kwaweza kuharibu mali ya watu wote kimyakimya. Kusimama kulileta hasara iliyoonekana. Kuendelea kungeleta hasara isiyojulikana mwisho wake. Ni viongozi wangapi, mahakimu wangapi, walimu wangapi, wamekubali hasara ya kusimama walipogundua ya kuwa wamehukumu kwa daftari bovu? Aghalabu huongeza adhabu ili kosa lao lisionekane. Mwamuzi aliyekosa akaendelea kuamua ni hatari kuliko yule aliyeletwa mbele yake.

Hoja moja imebaki, nayo si dhaifu. Mashine haina moyo. Je, yafaa binadamu ajifunze uadilifu kwa kitu kisicho na dhamiri? Najibu ya kwamba mizani nayo haina moyo, na sote hujifunza kwayo uaminifu wa kupima. Lakini mizani ina kikomo, na kiini kina chake. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya siri. Mgeni aliweza kutuma neno fupi, akadai ya kuwa ni refu, na programu ikamrudishia neno lake pamoja na yote yaliyokuwa kando yake katika kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa safari moja, huenda na maneno ya siri ya watu. Kiini hakikuona kosa. Kumbukumbu ile ilikuwa mali halali ya programu, wala hapana mpaka uliovukwa. Ndivyo yalivyo maovu mengi. Baba anayeuza kakao yake mwenyewe akanywa ada ya shule ya mtoto wake hakuvuka shamba la mtu. Hapana baraza la ardhi litakalomwita. Mlinzi wa mipaka huishia mipakani. Ndani ya mpaka mtu hubaki na dhamiri yake, na ikilala hiyo, hapana daftari litakaloamka badala yake.

Basi kwa watakaokabidhiwa ulinzi wowote, uwe wa darasa, wa kijiji au wa mpaka wa nchi, nayaweka mbele yao haya. Anayesimamishwa mpakani achukuliwe kuwa mwenye haja mpaka uchunguzi umwonyeshe kuwa mwenye kosa. Daftari litazamwe kabla ya mtu. Kosa likithibitika, litajwe kwa jina na mahali pake, na adhabu isimpite mwenye kosa. Na mlinzi akijikuta yeye ndiye aliyevuka, asimame. Mambo haya manne yamefanywa na watu yawezekane katika kitu kisicho na huruma wala aibu. Haiwi udhuru kwetu, tulio na vyote viwili, kusema ya kwamba ni magumu.